Mji Uliomnyima Chakula

Je, mtaa uliokulea waukumbuka kwa wema ama kwa machungu?

Bondia Muhammad Ali alizaliwa Louisville, Marekani, mwaka 1942. Alipokuwa na umri wa miaka 12, baiskeli yake iliibwa. Akamwapia polisi mmoja, Joe Martin, kwamba angemtwanga mwizi huyo. Martin, aliyekuwa akiwafunza vijana ndondi, akamshauri ajifunze kupigana kwanza. Hadithi hiyo Ali alipenda kuisimulia.

Lakini alisimulia pia kwamba alipotoka Roma mwaka 1960 na nishani ya dhahabu ya Olimpiki, mkahawa mmoja mjini humo ulikataa kumwuzia chakula kwa kuwa ni mweusi.

Mwingine angeukana mji huo. Ali, hata alipokwisha kustaafu na kudhoofishwa na maradhi, alifungua papo hapo jumba la makumbusho mwaka 2005. Mwaka 2016 jeneza lake lilipitishwa mbele ya nyumba alimokulia, akazikwa mji uo huo.

Mwacha asili ni mtumwa. Wewe uliyehamia mtaa wa kifahari, lini uliwapeleka wanao wakaone ulipochezea mpira wa makaratasi?