Fimbo na Mtoto Asiyetulia

Mwanafunzi asiyetulia darasani huitwa mtundu na kuchapwa. Ndugu walimu, tujiulize kwanza: nyumbani ameona nini? Mwaka 1998 Vincent Felitti na wenzake, huko Marekani, walitangaza uchunguzi juu ya watu wazima zaidi ya 9,000. Waliopatwa utotoni na aina 4 au zaidi za masaibu, kama vile kupigwa au kuona mama akipigwa, hatari yao ya kuzama katika ulevi au dawa za kulevya ilizidi mara 4 ya wasiopatwa. Hofu ya muda mrefu huvuruga usikivu. Wengine huzaliwa na udhaifu huo. Fimbo haiwatibu hao wala hawa. Mwalimu amwite mtoto faraghani, amsikilize, kisha amgawie kazi fupi fupi.