Msiwatishe Watoto kwa Jina la Lulu

Desemba iliyopita, nyumbani Kamachumu wilayani Muleba, mpwa wangu wa kidato cha pili alitangaza kwamba anataka kuwa mwigizaji wa tamthilia. Kuna kikundi Bukoba mjini, akasema, kinafanya mazoezi Jumamosi. Tulikuwa tunakula ndizi na senene. Shangazi akaacha kutafuna.

"Unataka kuwa Lulu?"

Tukacheka wote. Mtoto akainamisha kichwa, mjadala ukafungwa. Nami nilicheka, ndiyo maana ninaandika.

Hakuna kati yetu aliyemaanisha Elizabeth Michael mwigizaji. Tulimaanisha kesi. Jaribu mwenyewe: simama stendi ya Bukoba umtaje Lulu, utasimuliwa usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, alipofariki Steven Kanumba. Sasa uliza Lulu aliigiza nini. Utasubiri sana. Lakini wengi wetu tulijazana sebuleni kwa jirani aliyewasha televisheni kwa betri ya gari, tukimtazama katika michezo ya Kaole pale ITV.

Wakati ule hakuwa amefikisha hata miaka kumi. Tulimsifia kwa jinsi alivyojua kulia na kujibizana na wakubwa. Nani aliuliza analipwa nini, anarudi nyumbani saa ngapi, anaangaliwa na nani? Sheria ya Mtoto ya 2009, iliyoweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, ilimkuta ameshakuwa nyota.

Alizaliwa tarehe 16 Aprili 1995. Piga hesabu: Kanumba alipofariki, zilibaki siku tisa Lulu atimize miaka 17. Mahakamani mawakili walibishana kama ni mtoto au mtu mzima. Mitaani hatukubishana, tulikuwa tumeshamkuza. Alikuwa mtoto tulipotaka burudani, akawa mwanamke tulipotaka wa kumlaumu.

Sibishani na hukumu. Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miaka miwili. Mama wa Kanumba alimzika mwanawe, na hakuna makala itakayompunguzia uchungu huo. Ila kifungo cha mahakama kina mwisho. Hiki chetu cha mitaani hakina. Mwaka 2016, kesi ikiwa bado haijaamuliwa, filamu yake ilishinda tuzo ya AMVCA ya filamu bora ya Afrika Mashariki. Siku ile Kamachumu, nani alilikumbuka hilo?

Shangazi yangu si mtu mbaya. Anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Lakini hofu yake ameielekeza kwa mtoto, wakati watu wa kuulizwa ni wakubwa wanaomchukua mtoto kazini. Tukimkataza tu, atatoroka siku moja na basi la alfajiri, na huko aendako hatakuwa na mtu wa kumuulizia.

Kwa hiyo nitampeleka mimi. Nitamuuliza kiongozi wa kikundi mbele yake: mazoezi yanaisha saa ngapi? Nani anawasindikiza wasichana? Pesa ikipatikana, inaandikwa wapi? Akishindwa kujibu, tutarudi Muleba pamoja. Akijibu, nitakaa nyuma nimtazame mpwa wangu akiigiza, na jina la Lulu nitalitaja kama jina la mtu aliyefanya kazi.