Mawingu ya Barafu: Mtihani kwa Kiswahili cha Sayansi

Mara nyingi hudaiwa katika kumbi zetu za mihadhara kwamba Kiswahili hakijiwezi kisayansi kwa sababu kimepungukiwa na istilahi. Kutokana na dai hilo, juhudi nyingi huelekezwa katika kuandaa orodha za maneno. Maoni yangu ni kwamba orodha pekee haitoshi. Lugha huwa ya sayansi pale inapoeleza jinsi jambo linavyotendeka. Hebu tuupime msimamo huu kwa mfano ambao si mwepesi: upimaji wa mawingu ya barafu.

Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, una barafu kileleni ilhali uko katika ikweta. Juu zaidi ya kilele hicho hewa ni baridi mno, na yale mawingu membamba yaliyo mithili ya nyuzi za pamba si matone ya maji bali ni fuwele za barafu. Mawingu hayo huakisi sehemu ya miali ya jua, na papo hapo huzuia sehemu ya joto la dunia lisipotelee angani. Ni lipi kati ya hayo mawili litakalozidi? Jibu linategemea, miongoni mwa mambo mengine, kiasi cha barafu na ukubwa wa fuwele. Pasipo vipimo hivyo, utabiri wa tabianchi hupungukiwa.

Vipimo hivyo hupatikana kwa mbali. Rada hutuma mawimbi ya redio na kupokea mwangwi wake; lida hutuma mwale wa leza na kupokea mwanga unaorudi. Maadamu fuwele ni ndogo kuliko urefu wa wimbi la rada, kipenyo chake kikiongezeka maradufu mwangwi wa rada huongezeka takriban mara 64, ilhali ule wa lida huongezeka mara 4 hivi. Kwa hivyo rada hupenya wingu zito na kuzitambua fuwele kubwa, lakini hupitwa na mawingu mepesi. Lida huyaona hayo mepesi, ila mwale wake hufifia ndani ya wingu zito. Pale vyombo vyote viwili vinapoliona wingu lile lile, tofauti ya myangwi hiyo hutuwezesha kukadiria ukubwa wa fuwele, na hatimaye kiasi cha barafu. Ni makadirio, kwani fuwele hazina umbo moja. Hata hivyo, wahenga hawakukosea waliponena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa.

Ndiyo maana mnamo tarehe 28 Aprili 2006 setilaiti mbili, CloudSat yenye rada na CALIPSO yenye lida, zilirushwa pamoja kutoka California, Marekani. Upimaji wao ulikoma mwaka 2023. Tarehe 28 Mei 2024 ilirushwa EarthCARE, ya mashirika ya anga ya Ulaya na Japani, ambayo hubeba rada na lida kwa pamoja.

Msomaji ataona kwamba mwangwi, mwale, fuwele na kipenyo ni maneno tuliyo nayo tayari. Neno geni ni lida. Wapo watakaopendekeza tuseme “rada ya mwanga”. Mimi napinga. Jina hilo lingemfanya mwanafunzi adhani kuwa lida ni aina tu ya rada, ilhali manufaa ya vyombo hivi yamo katika kutofautiana kwao. Heri tulitohoe neno, kama tulivyotohoa rada. Lakini uamuzi huo hauwezi kufikiwa na mtu asiyeelewa zile mara 64 na mara 4. Mwanaisimu peke yake ataunda jina lipotoshalo. Mwanafizikia peke yake ataliacha katika Kiingereza.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya. Urasmi huo utabaki kwenye karatasi iwapo sisi wanagenzi wa lugha hatutavuka ua kwenda idara za sayansi. Napendekeza kwamba kila toleo la jarida hili liwe na makala moja ya sayansi, iandikwe na mwanafunzi wa Kiswahili pamoja na mwenzake wa sayansi, na isomwe na wahadhiri wa pande zote mbili kabla ya kuchapishwa. Istilahi zitakazozaliwa humo zitakuwa zimekwisha kufanya kazi kabla ya kuingizwa kamusini.