Kompyuta ya Michezo Bila ya Deni

Kijana mmoja katika wasomaji wetu atuuliza: ataka kujiundia kompyuta ya michezo, fedha zake hazifikii kadi ya picha, na rafiki yake amemwonyesha mkopo wa riba. Je, auchukue?

Hasha! Hukumu ya riba twaijua, wala mchezo si dharura. Tena njia ipo. Na anunue prosesa ya Ryzen 5 5600G, iliyotoka mwaka 2021. Hiyo ina sehemu ya picha ndani yake, na michezo myepesi huchezeka bila ya kadi. Mazabodi iwe ya soketi ya AM4, na ramu ziwe za DDR4, kwani za DDR5 haziingii humo. Achukue vipande 2 vya gigabaiti 8, si kimoja cha 16: picha hutumia ramu hizo hizo, na viwili pamoja hupitisha data kwa upana maradufu. Hili wengi hulisahau.

Pawa saplai asinunue kuukuu wala isiyojulikana mtengenezaji wake. Ikiharibika huenda ikaunguza na vinginevyo. Iwe ya wati 550, ipate kuihimili kadi ya wastani atakayoinunua akisha kuweka akiba. Kasha lenyewe hata la mtumba latosha.