Kiongozi wa Warsha Naye Abebe Mzigo

Mwalimu wa leo hangoji mvi ndipo aitwe kuongoza warsha. Chini ya mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, walimu wa shule moja hutakiwa kukutana shuleni mwao na kusaidiana, na mara nyingi jicho humwangukia yule aliyetoka chuoni karibuni, kwa kuwa hudhaniwa kwamba ndiye anayeufahamu zaidi mtaala wa 2023. Kwa hiyo wewe mwanachuo huenda usimalize mwaka wako wa kwanza kazini kabla hujasimama mbele ya walimu waliokuzidi umri na uzoefu, na pengine mmoja wao ndiye aliyekufundisha kusoma. Maoni yangu ni kwamba usiwahutubie. Fundisha somo mbele yao, kwa watoto halisi, kisha uwaache walijadili.

Desturi tuliyoizoea ni nyingine. Kiongozi huandika ubaoni maana ya mbinu shirikishi, kisha hunena kwa saa mbili juu ya ubaya wa kumfanya mwanafunzi asikilize tu. Walimu hunakili. Jioni hutia sahihi, na kesho yake hurudi kwenye darasa la watoto themanini ambalo halikutajwa hata mara moja. Wengi hulalamika kwamba walimu hupenda kuuliza habari za posho. Mimi siwalaumu, maana katika warsha ya namna hiyo hakuna jambo jingine la kuuliza.

Tuseme warsha yako ya kwanza inafanyika Kwihara, kilometa chache kutoka Tabora mjini, na shabaha yake ni kufundisha Historia ya Tanzania na Maadili kwa kutumia mazingira. Hapo pana nyumba ya tembe, ambayo sasa ni makumbusho. Stanley na Livingstone walifika Kwihara Februari 1872. Tarehe 14 Machi Stanley aliondoka kwenda pwani, na mwenzake akabaki akiwangoja wapagazi walioahidiwa kutoka huko. Waliwasili Agosti, na safari ikaanza tarehe 25 ya mwezi huo.

Unaweza kuwaambia walimu kwamba mahali kama hapa ni zana bora ya kufundishia, nao wataandika. Au unaweza kuomba wanafunzi wa darasa la nne wa shule ya jirani, ukawakalisha mbele ya tembe, ukawauliza: kwa nini mtu mwenye bidhaa na bunduki alikaa hapa miezi mitano asiweze kusogea? Waache wafikiri. Watakapofikia jibu kwamba hakuwa na wa kumbebea, toa mfuko wa mchanga wa kilo kumi, wapokezane kuunyanyua, kisha uwaeleze kwamba mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili hivi, yaani mara tatu ya mfuko ule, na kwamba msafara uliondoka alfajiri ukatua kabla jua halijawa kali. Hapo Mnyamwezi hatakuwa tena kivuli nyuma ya Mzungu. Atakuwa fundi wa kazi yake, ambaye bila yeye hakuna aliyefika popote.

Kisha mtoto atauliza kama wapagazi wale walikuwa watumwa. Swali hili halikwepeki. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira na waliojua kuudai. Lakini njia ile ile ilipitisha mateka waliopelekwa kuuzwa. Jinsi utakavyowaeleza watoto wa miaka tisa au kumi mambo yote mawili, bila kuwatisha wala kuwaficha, ndiyo maudhui hasa ya warsha. Hotuba isingefika hapo kamwe.

Wapo wakufunzi wanaopinga. Husema kijana akikwama mbele ya wakubwa atavunjiwa heshima. Hofu hiyo naielewa, lakini katika misafara ya Kinyamwezi kirangozi aliyetangulia mbele alikuwa mpagazi kama wengine. Mzigo wake ulikuwa mwepesi kidogo, ila alikuwa nao. Wenzake walimfuata kwa sababu aliijua njia, ingawa mali haikuwa yake. Somo likikwama, mwalimu mkongwe atasema kwamba watoto wa nyuma hawakulisikia swali, na mazungumzo yatakuwa yameanza.

Hata mpango wa elimu kwa wote uliofuata Azimio la Musoma la 1974 una la kutufundisha. Maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu vijijini huku wakifundisha. Ubora wake umelaumiwa sana, na mara nyingine kwa haki. Lakini mwanafunzi yule wa ualimu alikuwa na watoto mbele yake, na jambo alilofunzwa alilijaribu bila kungoja.

Kabla ya siku yenyewe, waendee walimu wakubwa mmoja mmoja. Waamkie, kisha umwombe kila mmoja akutazamie kundi moja la watoto: nani alinyamaza, nani alijibu kwa kuigiza mwenzake. Chagua shabaha moja tu, na somo lisizidi dakika arobaini. Andalio lako liwe ukurasa mmoja, na nakala wapewe walimu kabla watoto hawajaketi, ili waone ni wapi ulilifuata na ni wapi uliliacha.