Kiziwa cha kwanza: chagua maji mbele ya kuchagua samaki



Vijana wengi wa Mahagi wakirudi kutoka machimboni wanatafuta kazi ya kukaa nayo nyumbani. Mmoja anasema: «Kuko shimo la zamani la dhahabu, maji yamejaa, kazi ya kuchimba imeisha. Nitatia samaki tu.» Neno hilo linaonekana kuwa la akili. Lakini ngoja kwanza.

Zebaki ile wachimbaji wanashikishia dhahabu haiozi. Inashuka ndani ya matope, inageuka sumu kali, na samaki anaikusanya mwilini mwake. Huioni kwa macho, haina ladha, na moto wa jikoni hauiondoi. Inaumiza zaidi ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kule Minamata, nchi ya Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, na mwaka wa 1956 ugonjwa ule ukatambuliwa. Wamama wengine walionekana wazima, kumbe walizaa watoto wenye vilema. Tena kingo za shimo la dhahabu ni wima: mtoto akiteleza, ni vigumu kutoka.

Basi, chimba kiziwa chako mwenyewe. Tafuta maji ya kijito ambacho juu yake hakuna mtu anayeosha dhahabu. Finyanga udongo mbichi kama mpira, uurushe juu na kuudaka. Usipovunjika, utashika maji. Meta 10 kwa 10 zinatosha kwa kuanza. Upande mmoja uwe na kina cha sentimeta 70, upande mwingine meta 1. Weka njia ya maji kuingia na njia ya kutoka.

Samaki wa kwanza awe tilapia. Ziwa Albert ni kwao, naye anakula vitu vidogo vya majini na pumba. Kwa kila meta moja ya mraba tia samaki watoto 2, ni kusema 200 tu. Usiongeze! Tilapia jike anaatamia mayai mdomoni na wakati ule hali kitu, kwa hiyo hakui mbio. Tena wanaanza kuzaa wangali wadogo, na nyuma ya miezi michache kiziwa kinajaa vidogo visivyofaa sufuria. Kama unaweza, chagua madume: geuza samaki aliye mkubwa kupita kidole, tazama tumboni karibu na mkia. Dume ana matundu 2, jike ana 3. Kambale anaweza kusaidia kula vitoto, lakini mtie nyuma, tilapia wakiwa wamekwisha kukua, asije akawameza wote.

Wabebe asubuhi ndani ya bidoni, wakati kungali baridi. Usiwamwage mara moja. Changanya maji ya kiziwa na ya bidoni polepole, robo ya saa.

Tia samadi ya mbuzi au ya kuku ndani ya boma dogo pembeni. Maji yakiwa kijani, ingiza mkono: vidole vikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, ni vizuri. Samaki wakihema juu ya maji alfajiri, acha samadi, fungulia maji mapya.

Wewe unayekaa milimani, ujue kwamba kule kuna baridi kuliko Mahagi-Port. Maji yakishuka chini ya digrii 20, tilapia anakula kidogo. Chagua mahali penye jua, wala usikate tamaa kama miezi 6 haitoshi.

Shimo tayari linapunguza kazi ya jembe, lakini mama mwenye mimba na watoto ndio watakaolipa. Mungu alitupa samaki wawe chakula. Tusiwafanye kuwa sumu.

Zungumzeni jamaani: maji ya kijito chetu yanatoka wapi, na nani anayatumia kule juu?