Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Fimbo iliyo juu ya kabati la mnasihi

Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI),
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: KUTENGANISHA UNASIHI NA ADHABU KATIKA SHULE ZA MASASI NA NEWALA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimeanza barua za kiofisi kwa sentensi hiyo maisha yangu yote ya kazi, nami nimeitumia tena kwa heshima ya mazoea. Kuanzia hapa, Mheshimiwa, niruhusu niongee kama mtu.

Nilikuwa mwalimu wa malezi katika shule moja ya sekondari huku juu, kwenye uwanda wa Makonde. Ofisi yangu ilikuwa stoo ya vifaa vya michezo: meza moja, viti viwili, mipira iliyoishiwa upepo, na kabati la mbao. Juu ya kabati zililala fimbo, kwa sababu mwalimu wa malezi na mwalimu wa nidhamu alikuwa mimi huyohuyo. Asubuhi nachapa waliochelewa, mchana nawapa nasaha. Wakati ule sikuona ajabu yoyote.

Siku moja ya mwezi wa kumi, minada ya korosho ikiwa ndiyo imepamba moto, binti wa kidato cha pili alisimama mlangoni. Nikamkaribisha, akakaa. Akasema, "Mwalimu, nyumbani hakukaliki." Basi, hilo tu. Nami nikaanza. Nikamwambia elimu ndiyo urithi wake, awaheshimu wazazi, ajiepushe na makundi, asali, asome kwa bidii, kila mwenye subira hufika. Nilizungumza kama dakika 20, nikatazama saa kwa kuwa nilikuwa na kipindi. Muda wote huo yeye alikuwa anatazama juu ya kabati. Nilipomaliza akasema, "Nimeelewa, mwalimu. Asante." Akaondoka. Baada ya likizo ya Desemba hakurudi. Kwenye daftari la mahudhurio tuliandika "mtoro", na mpaka leo sijui kwao kulikuwa hakukaliki kwa nini.

Huruma nilikuwa nayo tele. Kilichonipungukia ni ufundi, na ufundi wenyewe si mkubwa hata kidogo. Alipotamka "hakukaliki", ningeweza kulirudisha neno lake taratibu, "Hakukaliki?", kisha nikanyamaza. Ningenyamaza kweli, si kimya cha mtu anayetafuta pa kuingilia na hotuba yake. Wazee wa baraza wanaijua mbinu hiyo bila kuisomea. Wanasaikolojia wameisomea, wakaipa majina, wakaipima. Mwaka 1957 Carl Rogers wa Marekani aliandika makala akieleza kinachomfanya mtu abadilike mbele ya msaidizi wake: msaidizi awe mkweli, ampokee mtu bila masharti, amwelewe kana kwamba amekaa ndani ya moyo wake. Akaongeza sharti ambalo wengi hulisahau, kwamba yule anayesaidiwa naye ayaone hayo, angalau kidogo. Mimi hata kama ningekuwa malaika, binti yule asingeona. Alikuwa anaziona fimbo.

Nina ugomvi mdogo na lugha yetu hapa. Tunasema "ushauri nasaha". Ushauri ni kushauri, na nasaha nayo ni mawaidha. Tumeyabandika maneno mawili ya kumwambia mtu la kufanya, tukaipa jina hilo kazi ambayo robo tatu yake ni kusikiliza. Wengi wetu jina hili tulilizoea kupitia UKIMWI, kwenye vituo vya ushauri nasaha na upimaji wa hiari. Huko ndiko nami nilikofunguliwa macho, nikiwa nimechelewa, kwenye mafunzo mafupi Masasi mjini. Mkufunzi alikuwa muuguzi. Alitukalisha walimu wawili wawili: mmoja aeleze jambo linalomsumbua, mwenzake asikilize dakika kumi, na asithubutu kushauri. Ndani ya dakika mbili darasa zima tulikuwa tumeshindwa. Mmoja wetu akalalamika, "Sasa nikae kama gogo?" Muuguzi akamjibu, "Gogo halitikisi kichwa."

Nilijifunza kwake zaidi ya niliyojifunza kwenye somo la saikolojia ya elimu chuoni, ambalo tulikariri hatua za ukuaji wa mtoto ili tufaulu mtihani. Alituonyesha kwamba swali "Je, baba anakupiga?" hujibiwa "hapana", mlango ukafungwa, bali "Jioni kwenu kunakuwaje?" humletea mtoto picha nzima ya nyumba, nani anarudi saa ngapi, nani analala wapi. Alitufundisha kumrudishia mtu maneno yake kwa ufupi ili atusahihishe tulipokosea. Kuna jambo jingine ambalo sijalikuta katika kitabu chochote. Vitabu vya kigeni humwambia mshauri amtazame mtu machoni. Kwetu mtoto anayemkazia macho mkubwa hana adabu, na mkubwa anayemkazia macho mtoto anataka kumchapa. Kwa hiyo, alisema yule muuguzi, kaeni ubavu kwa ubavu, ikibidi mkekani, na mpeni mtoto kazi ya mikono. Binti anayebangua korosho atakwambia mambo ambayo hawezi kuyasema akiwa amekaa mikono mapajani mbele ya meza yako.

Mheshimiwa, unaweza kusema haya ni ya nchi nzima, kwa nini niandike Masasi na Newala. Ni kwa sababu hapa kwetu malezi kwa mdomo ni jambo zito kuliko kwingi, na shule imekuja juu yake kana kwamba imekuta uwanja mtupu. Wamakonde, Wamakua na Wayao wa huku tunahesabu ukoo kwa mama. Neno zito juu ya mtoto mara nyingi liko kwa mjomba. Shule inapoandika barua "mzazi au mlezi afike bila kukosa", anafika baba, anatikisa kichwa, anaweka sahihi, na hakuna kinachobadilika, maana aliyetakiwa kuketi pale ni kaka wa mama. Miaka yote niliyofundisha sikumbuki fomu yoyote ya shule iliyouliza jina la mjomba.

Kisha kuna jando na unyago. Siku hizi hufanyika zaidi wakati wa likizo, nayo ndiyo afadhali. Kuna yanayofundwa kule ambayo nisingependa mjukuu wangu wa miaka kumi ayasikie, na nimeshawaambia wahusika ana kwa ana. Hata hivyo kungwi ana kitu ambacho mwalimu wa malezi hana: ana muda, ana mahali pa faragha, na mwali anajua kwamba yanayosemwa pale hayatoki. Hayo matatu ndiyo nguzo za unasihi popote duniani. Anachokosa kungwi ni sikio. Kufunda ni kumwaga maneno kutoka juu kwenda chini. Mwali hupokea na kuimba. Walimu nasi tulirithi mtindo huohuo wa kumimina, tukaacha muda, faragha na siri kule porini.

Historia yetu inatufaa hapa. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu 1926, alikuta jando na hakulipiga marufuku. Alikaa na wakubwa wa jando, akaliingiza ndani ya kanisa, na mpaka leo wanahistoria wanabishana kama alifanya vyema. Mimi nachukua kwake jambo moja tu: alitambua kwamba vijana wa huku wana mahali pao pa kuambiwa mambo mazito, akaanzia hapo.

Wazimbabwe nao walianzia kwa watu waliokuwapo. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza Harare kuwafundisha akina bibi wa mtaani kusikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa, miezi sita baadaye, kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi wale hawakutumia majina ya hospitali. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Sisi tunalo letu. Mtu wa Newala akisema "nina mawazo", hasemi kwamba anafikiri. Anasema hajalala. Ukimpa nasaha aache mawazo, umemwambia mwenye homa aache joto.

Na mawazo huku yana msimu. Kuna miezi ya njaa, ambapo baba anauza korosho zingali mtini kwa mtu wa kangomba, mnunuzi wa magendo, ili watoto wale, na mnada ukifika hana cha kupeleka ghalani. Kuna mwaka kama 2018, wanunuzi walipotaka bei ya chini, Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba mzigo, na wengine wakasubiri malipo yao hadi mwaka uliofuata. Kuna msimu wa fedha pia, nao una balaa lake: mke mpya, pikipiki mpya, ugomvi wa zamani. Mwalimu anayejua kalenda hiyo angalau anajua mwezi gani aache mlango wazi. Binti wangu yule alikuja mwezi wa kumi.

Ninachoomba cha kwanza hakigharimu hata shilingi. Kanuni za adhabu ya viboko zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Basi ofisi yako itoe maelekezo kwamba jina la mwalimu wa malezi na unasihi lisiandikwe kamwe kwenye idhini hiyo. Awe mwalimu pekee shuleni ambaye kila mtoto ana hakika hatamchapa. Naandika hivi nikijua wapo wanaotaka viboko vifutwe kabisa; mimi ni mmoja wao, lakini sitaki hili dogo lisubiri lile kubwa. Madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto nayo yamekuja shuleni, na ni jambo jema. Ila dawati linalosimamiwa na mshika fimbo litabaki kuwa dawati, yaani mbao.

La pili lina gharama, sitakuficha. Mimi nilikuwa na vipindi 26 kwa wiki, na unasihi ulikuwa wa ziada, "pale utakapopata nafasi". Tangu elimu bila ada mwaka 2016 madarasa yamejaa zaidi. Mpunguzie mwalimu huyo vipindi kwa maandishi, saa zake ziingie kwenye ratiba ya shule kama Hisabati inavyoingia.

La tatu ni mafunzo, na si ya makaratasi. Newala tuna Chuo cha Ualimu Kitangali. Masasi kuna chuo cha maafisa tabibu. Najua vyuo hivyo si vyako, kimoja kiko chini ya Wizara ya Elimu na kingine ya Afya, lakini wahitimu wao wengi huishia kwenye halmashauri zako. Wakutanishwe wafanye zoezi lile la dakika kumi, mwalimu mtarajiwa na tabibu mtarajiwa, na waalikwe makungwi wawili watatu wakae katikati yao. Humo wajifunze pia mpaka wa siri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kwa hiyo mnasihi hawezi kumwahidi mtoto "sitamwambia yeyote". Anaweza kumwambia mapema, kabla hajafungua kinywa: mengi yatabaki hapa, lakini kama kuna anayekuumiza, mimi na wewe tutatafuta wa kumwambia. Mtoto akitajiwa sharti hilo mwanzoni, hatajiona amesalitiwa mwishoni. Sentensi hiyo inahitaji kufanyiwa mazoezi kwa sauti, tena mara nyingi. Ukiisoma kwenye mwongozo tu, siku ya siku haitatoka.

Januari shule zikifunguliwa, wako watakaorudi wametoka unyagoni, na tangu Serikali ilipotangaza Novemba 2021 kwamba mabinti waliojifungua waruhusiwe kurudi shuleni, wako wanaorudi wakiwa wameacha mtoto mchanga kwa bibi. Mmoja wao atasimama mlangoni kwa mwalimu wa malezi na atasema maneno mawili. Naomba mwalimu huyo awe na dakika arobaini, kiti cha pili, na kabati lisilo na kitu juu yake.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Newala.